Jeneza Lililomtangulia Mzee Luhende Nyumbani

Watu husema kazi ya majeneza ina raha moja, kwamba mteja hawezi kurudi kulalamika. Wanaosema hivyo hawajawahi kukutana na mashemeji zake. Nimeshona ndani ya majeneza tangu ujana wangu mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano, na nawahakikishieni, vijana wangu, marehemu ana watu wengi wa kumlalamikia.

Naitwa Minza. Nilifanya kazi kwenye karakana ya Mzee Idrisa, Bariadi mjini, enzi zile Bariadi ikiwa wilaya tu chini ya Shinyanga. Ungemwambia mtu "Simiyu" angejua unataja mto. Nilianza kwa kuvalisha makochi vitambaa. Siku moja aliyekuwa akishona majeneza akaolewa Mwanhuzi, Mzee Idrisa akanitazama, akasema, "Kochi na jeneza ni kitu kimoja. Tofauti ni mkao." Nikahamia huko na sikutoka tena.

Mzee Idrisa alikuwa Mwislamu wa Tabora. Kwao marehemu huzikwa kwa sanda, kwa hiyo alikuwa akitengeneza kitu ambacho yeye mwenyewe hatakitumia. Alikitengeneza kama mtu asiyekunywa anayeuza pombe, kwa utulivu, bila kuonja. Yeye ndiye aliyenifunza. Kitambaa, alisema, anza kukipigilia kichwani, uje nacho miguuni. Makosa yako yote yasukume miguuni, maana hakuna anayefunua miguu. Chini ya kitambaa mwaga maranda, yaani yale maganda laini yanayotoka kwenye randa, wala usimwage vumbi la msumeno. Vumbi hupenya kitambaa likachafua suti ya mtu. Misumari tumia ile midogo ya fundi viatu, uiweke mdomoni ili mikono yote iwe huru, na ukiwa nayo mdomoni usiongee. Mimi niliongea nikameza mmoja. Sijui ulikwenda wapi.

Jambo lingine ni vipimo. Siku zile vipimo vya marehemu vililetwa kwa kamba. Ndugu mmoja anapima kamba kuanzia utosini mpaka kisiginoni, anapiga fundo, anapanda baiskeli, anakuja. Ni njia nzuri, ila inategemea aliyebeba kamba. Kuna mtu wa Lalago aliyetumwa hivyo kwa fundi wa kule kwao. Njiani akanunua kuku, akakosa cha kumfungia miguu, akakata kipande cha kamba, kidogo tu. Fundi akapima kamba aliyoletewa. Jeneza likatoka zuri sana, na fupi. Marehemu ikabidi akunjwe magoti.

Sasa huyo marehemu alikuwa mtu mrefu kuliko wote kwao, ukimwondoa mdogo wake. Mdogo wake ndiye Mzee Luhende wa Mwamapalala, na habari ninayotaka kuwaambia ni yake.

Alikuja karakana siku ya mnada. Ilimbidi ainame mlangoni, na alipoinuka ndani alikuwa bado anainuka wakati sisi tunadhani amemaliza. Mkulima wa pamba, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Akasalimia, akatazama mbao, akauliza, "Fundi, mnapima na walio hai?"

"Tunapima milango, madirisha na makabati," akasema Mzee Idrisa. "Simama hapo ukutani."

Akampima kwa futi kamba kama anayempimia fremu ya mlango, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Wakati anapimwa, Mzee Luhende akaeleza akiwa ametazama mbele kama anayepigwa picha.

"Kaka yangu sikuwahi kumwona amekunja magoti. Hata kwenye kiti alinyoosha miguu, watu wanaruka. Siku ya kumzika nilimwona amekunjwa kama shati. Mimi sitaki kukunjwa."

"Hutakunjwa," akasema Mzee Idrisa.

"Na nyumbani asijue mtu. Mke wangu ataona najichuria kifo. Vijana wangu wataanza kugawana ng'ombe kwa macho. Likae hapa kwako mpaka litakapotakiwa."

Mzee Idrisa akaweka mkono kifuani. "Mzee wangu, hapa ni kama hospitali."

Mimi nilikuwa nimetoka hospitali juzi yake. Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni akiita watu kwa majina na magonjwa. Kwa hiyo sikujua kama ahadi ile niichukulie kuwa nzito au nyepesi.

Jeneza lilitengenezwa kwa mninga, kwa skrubu badala ya misumari, likapigwa vanishi mpaka unaweza kuchanulia nywele. Mimi nilishona ndani kwa satini nyeupe, na kwa mara ya kwanza maishani nilishona nikijua mwenyewe anaweza kuja kukagua. Nawaambieni mkono ulitulia kuliko siku zote.

Shida haikutoka kwetu. Ilitoka ng'ambo ya barabara.

Mnapaswa kujua kwamba miaka ile ya tisini kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Zamani mbao ilikuwa mpaka upate kibali, na fundi wa majeneza mjini alikuwa mmoja, ukipenda usipende. Likaja soko huria. Mbao za paina zikaingia kwa malori, mafundi wakachipua kando ya barabara kama uyoga. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua pamba peke yake kikajikuta kina wenzake, makampuni binafsi yenye mizani zao, malori yao na madereva wa kutoka mikoa ya mbali. Kila mtu akawa anagombea mteja. Hata sisi.

Fundi mmoja kijana akafungua karakana kutazamana na yetu. Akapanga majeneza nje, yamepakwa rangi, yana vishikio vya kung'aa, na juu yake akatundika kibao: KARIBUNI WATEJA WOTE. Mimi niliona maneno yale hayafai kuandikwa juu ya jeneza, lakini watu walisimama. Mzee Idrisa aliwatazama wakisimama siku ya kwanza, akawatazama siku ya pili. Siku ya tatu akaingia ndani, akaliburuta jeneza la Mzee Luhende, akaliweka barazani.

"Mzee," nikamwambia, "si ulisema hapa ni kama hospitali?"

"Sijamtaja mtu. Nimeweka mbao nje zipate hewa."

Watu wakalizunguka kama basi jipya. Na kila aliyeuliza ni la nani, Mzee Idrisa akamjibu. Alikuwa amesikia mahali kwamba biashara ya kisasa inataka ushahidi wa mteja aliyeridhika. Alitaja jina, kijiji, kanisa. Nilipomkumbusha tena akanijibu kwa upole kabisa.

"Minza, nilimwahidi kwamba kwao hawatajua. Huyu aliyeuliza sasa hivi ni mtu wa Moshi."

Ni kweli alikuwa mtu wa Moshi. Jina lake Aloisi, dereva wa lori la moja ya yale makampuni ya pamba. Kampuni yake ilikuwa imeagiza kwetu mabenchi ya kuweka kwenye kituo chao cha kununulia pamba Mwamapalala, na alikuja kuyatazama kama yamekauka. Nataka mumwelewe huyu Aloisi. Alikuwa mtu mwema kwelikweli. Akikuta mama njiani ana mzigo wa kuni, anasimama. Akikuta mgonjwa, anampakia bure. Kisukuma alijua neno moja tu, "mwadila", ambalo ni salamu ya mchana, na alilitumia asubuhi, jioni, na mahali ambapo hapakuhitaji salamu.

Akalitazama jeneza. "Mzee, hili refu namna hii ni la nani?"

"La Mzee Luhende wa Mwamapalala. Mzee wa kanisa, mtu anayeheshimika. Nyumba yake ya bati, ukipita shule tu, mkono wa kushoto. Kamuulize yeyote."

Aloisi akavua kofia. "Wenyewe hawajalichukua?"

"Bado."

"Tatizo usafiri?"

Sasa sikio la kulia la Mzee Idrisa lilikuwa limekufa zamani kwa sababu ya mashine ya kuranda, na Aloisi alikuwa amesimama upande huo. Mzee akadhani wamerudi kwenye mabenchi.

"Usafiri ni juu yenu," akasema.

Aloisi akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi usijali. Kesho asubuhi napita na lori tupu. Huo mzigo nitaupeleka mwenyewe, na sitachukua kitu."

"Vizuri sana," akasema Mzee Idrisa. Jioni tukayatoa mabenchi, tukayapanga barazani kando ya jeneza. Akamwachia maagizo mama muuza chai aliyekaa pembeni yetu, kwamba dereva wa pamba akija mapema, mzigo wake upo barazani, apakie tu.

Kesho yake nilipofika, baraza ilikuwa nyeupe. Mama muuza chai akanipokea na habari.

"Yule kijana wa lori ana utu," akasema. "Amepakia na vijana wake taratibu, kama wanabeba mayai. Akakata matawi akafunga mbele ya lori, lijulikane kuwa ni la msiba. Hata chai hakumaliza."

Mzee Idrisa alikuja akasimama mbele ya baraza kama mtu anayepapasa pengo la jino kwa ulimi.

"Mabenchi amechukua?"

"Amechukua."

"Na lile?"

"Na lile."

Akafikiri. "Labda ameliazima."

Nikamwambia kwamba jeneza haliazimwi. Akakubali. Tulikuwa bado tumesimama hapo ilipotokea baiskeli, na juu yake Mzee Luhende, magoti yakipanda mpaka usawa wa mikono. Alikuwa amekata njia za mashambani tangu alfajiri, hakuigusa barabara. Kwenye keria alikuwa amefunga chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyotoka kuinunua dukani, maana josho la serikali lilikuwa limekauka na kila mfugaji alijitafutia mwenyewe. Hiyo dawa ndiyo sababu aliyomwambia mkewe ya kuja mjini.

"Nimepita kulitazama," akasema. "Liko wapi?"

"Karibu kiti, mzee wangu."

"Liko wapi?"

"Limekwenda kwako," akasema Mzee Idrisa.

"Kwangu wapi?"

"Mwamapalala."

Mzee Luhende akaegemeza baiskeli ukutani, polepole. Nilimwona akipanga mambo kichwani, moja baada ya jingine. Ameaga asubuhi. Amesema anakwenda mjini kwa baiskeli. Halafu mjini kumetoka lori lenye matawi mbele, na juu yake jeneza la urefu ule. Hata asingetajwa mtu jina, urefu ulitosha.

"Mama Shija atakufa," akasema. Mama Shija ndiye mkewe.

Hapo ndipo nilipoona uso wa Mzee Idrisa ukibadilika. Alivuka barabara mbio, na kobazi moja ikabaki katikati ya barabara. Akarudi na Land Rover ya jirani yetu muuza vitenge na dereva wake. Akatuambia twende wote wawili, mimi na Mzee Luhende.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nitasema nini? Wewe ni mwanamke, ni Msukuma, na una sauti nzuri. Nenda kawaambie yupo."

Vijana, mtu hufundishwa kupeleka habari ya kifo. Unaanza mbali, unauliza kama wamekula, unamkalisha mtu chini. Hakuna aliyewahi kunifundisha kupeleka habari ya uzima. Njia nzima nilijaribu maneno kimoyomoyo na yote yalitoka mabaya.

Tulipita watu barabarani, makundi kwa makundi, kina mama wamejifunga kanga viunoni, wengine na unga kichwani, wote wanaelekea tunakoelekea. Mzee Luhende alikaa mbele kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Mara akainuka kidogo kwenye kiti. Mbele yetu mtu mmoja alikuwa akitembea peke yake haraka haraka, ameshika kuku kwapani.

"Yule ni shemeji yangu," akasema. "Kaka wa Mama Shija. Hajakanyaga kwangu tangu tugombane kwa ajili ya ng'ombe mmoja. Mke wangu kamlilia huyu mtu mpaka amechoka."

Tukampita. Mzee Luhende akageuka akamtazama mpaka vumbi lilipomficha. "Amekuja," akasema tena, kama vile mimi sikuona.

Tukaliacha gari shuleni. Nikamwambia asitoke mpaka nimwite. Nikaenda kwa miguu.

Kilio ulikisikia kabla hujaona bati. Uwanja ulikuwa umejaa. Jeneza lilikuwa limewekwa juu ya mabenchi mawili ya kampuni, na Aloisi, mikono ya shati ameikunja, alikuwa akishusha mapipa ya maji kutoka kwenye lori lake na kumwambia kila anayepita, "Mwadila, poleni." Wanawake waliponiona wakanipokea kama anavyopokelewa mfiwa anayefika, wakanikumbatia, wakanililia begani. Na mimi, mwili ukaniponyoka. Nikalia. Nililia vizuri tu, nikiwa najua kabisa kwamba marehemu amekaa shuleni kwenye Land Rover.

Mama Shija alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Mwanamke mfupi, mkavu, macho makavu. Yeye peke yake hakuwa akilia. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mayu, mama yangu," nikasema, "mimi natoka Bariadi. Natoka kwa fundi."

Akanishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likawa mdomoni pake.

"Sanduku limekuja tupu," akasema. "Nimelifungua mwenyewe. Hawa wote wanalia, hakuna anayeuliza. Mtu wangu mmemweka wapi?"

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani yakapotea.

"Yupo kwenye gari, mama. Pale shuleni."

"Amelazwa nyuma?"

"Amekaa mbele."

Mkono wake ukakaza. "Amekaa?"

"Amekaa, mama. Ameshika chupa ya dawa ya ng'ombe."

Akaniachia. Akatazama mikono yake kwenye mapaja kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Mwambie aje. Aje kwa miguu yake, nimwone anavyotembea."

Akaja. Kilio kilikatika kuanzia upande wa barabara kikaja kukatika mpaka kwenye nyumba, kama redio inayoishiwa betri. Watoto walikimbia. Na watu wazima pia walikimbia, ingawa baadaye walisema walikuwa wanawafuata watoto. Katekista alibaki amesimama na kitabu chake wazi. Mzee Luhende akafika katikati ya uwanja, akavua kofia.

"Nipo," akasema.

Aloisi aliweka ndoo chini. Nadhani ndiye aliyekuwa wa mwisho kuelewa, na alipoelewa akakaa juu ya ile ndoo, na maji yake.

Mwana mkubwa, Shija, alimshika baba yake mabega, akamtikisa, akacheka, akalia, kisha ghafla akanyamaza. Mzee aliona. Alikuwa amenusa moshi.

"Mmechinja?"

"Baba, watu walikuwa wengi."

"Mmemchinja nani?"

"Yule maksai mwekundu."

"Wa plau?"

"Wa plau, baba."

Mzee Luhende akakaa kwenye benchi, kando ya jeneza lake. Hapo ndipo msiba ule ulipopata mfiwa.

Yule shemeji akafika wakati huo, anahema, kuku bado kwapani. Akamwona Mzee Luhende amekaa. Akasimama mbali kidogo.

"Mimi nilikuwa nimeshakusamehe njiani," akasema. "Sasa sijui nifanyeje."

"Kaa ule nyama," akasema Mzee Luhende. "Huyo hafufuki."

Shemeji akakaa.

Nyama ililiwa. Kama mngekuwepo mngeona jambo ambalo sijaona tena, mtu akikaribishwa sahani ya msiba wake mwenyewe akila, na watu wakimtazama anavyotafuna. Katekista aligeuza ibada ikawa ya shukrani. Nyimbo alizokuwa amezichagua hakuzibadilisha, alisema zinafaa kote. Aloisi alikuja kupiga magoti mbele ya mzee.

"Mzee wangu, mimi nilitaka kusaidia."

"Umesaidia," akasema Mzee Luhende. "Nimelitazama lote. Hujalikwaruza."

Aloisi hakuweza kukaa na jambo lile. Akamchukua Shija awe mkalimani wake, wakarudi na lori barabarani, matawi wameyatoa, wakawa wanasimama kwenye kila kundi lililomwona asubuhi na kuwaeleza. Waliporudi alisema wengi walifurahi, ila bibi mmoja alikataa. Alimwambia kwamba yeye ameshamlilia Luhende, amemaliza, na siku atakapokufa kweli wasije kumwita tena.

Kabla sijasahau, Mzee Idrisa kesho yake nilimweleza yote, neno kwa neno. Alisikiliza kwa sikio zima. Baadaye alifunga safari mwenyewe mpaka Mwamapalala na maksai wa kuvuta plau, akamfunga kwenye mti, akaomba msamaha. Na baraza yetu ikabaki na makabati tu mpaka karakana ilipofungwa. Mtu akiuliza la nani hili, anajibiwa: la mwenyewe.

Nirudi uwanjani. Jua lilikuwa limeanza kushuka na likabaki swali la jeneza. Mzee mmoja alisema kulilaza hapo nyumbani ni uchuro. Mwingine akasema kulirudisha mjini tupu ndiyo uchuro hasa. Mzee Luhende alitaka nilirudishe na lori la Aloisi. Wakabishana mpaka Mama Shija alipoinuka kwenye mkeka. Tangu mumewe afike hakuwa amemwambia neno hata moja.

"Ulikwenda kupimwa na wageni," akamwambia.

"Sikutaka kukunjwa kama kaka."

"Ungeniambia."

"Ungesema najichuria."

"Ningesema," akakubali. "Ningesema siku mbili. Halafu ningekwenda na wewe, ningekaa hapo wakikupima." Sauti ikamkatika kwa mara ya kwanza siku ile. "Umejitengenezea kitanda cha mtu mmoja, mimi nakupikia, nakutayarishia na maji ya kuoga, na sijui."

Mzee Luhende alikunja miguu yake mirefu chini ya benchi, akaikunjua tena.

Mama Shija akalifuata jeneza, akafunua kifuniko. Watu wakasogea nyuma, mimi nikasogea mbele, kwa sababu ni kazi yangu. Akapitisha kiganja kwenye satini, upande mmoja, upande wa pili, akabonyeza maranda chini kuona kama yako sawa.

"Nani ameshona humu?"

"Mimi, mama."

"Umeshona vizuri." Akafika kichwani, akasimama. "Na hiki?"

"Mto, mama. Nimeujaza pamba ya hapa hapa."

"Wa nini?"

Sikuelewa swali. Nikamwambia ni wa kulazia kichwa.

"Huyu halali na mto," akasema Mama Shija. "Tangu aliponioa. Ukimwekea anaamka shingo imekakamaa, na siku hiyo yote nyumba hii haina amani." Akamgeukia mumewe. "Uongo?"

"Kweli," akasema Mzee Luhende.

"Urefu wake mnao. Kanisa lake mnalijua. Dereva wa watu mmemwambia mpaka nyumba yangu iko mkono gani ukipita shule." Hakuwa akinifokea mimi. Alikuwa akihesabu tu. "Hili la mto mngeniuliza mimi."

Akainama, akang'ata nyuzi zangu kwa meno, moja moja, akaung'oa mto bila kuchana kitambaa. Akaukung'uta. Akamwambia Shija alifunike jeneza, alipeleke ndani, likae chini ya dirisha. Kisha akatembea na ule mto mpaka upande wa pili wa uwanja, alipokaa kaka yake na sahani ya nyama mapajani, akamgusa bega ainuke kidogo, akauweka chini yake, kwa sababu mabenchi yale tulikuwa tumeyatengeneza ya mbao tupu na mgeni alikuwa ametoka mbali.